Mjusi chui mchanga pwani ya Mtwara: anakula kila jioni, mbona mifupa inalainika?

Watu wengi wanaoletewa mjusi chui mchanga wa kufuga huanza na wasiwasi kwamba hali chakula. Hilo mara nyingi hujimaliza lenyewe: mjusi aliyesafirishwa hugoma siku kadhaa, akizoea mahali anaanza kula. Kinachoua huja baadaye, wakati mwenye mjusi ameshatulia. Mjusi anakula kila jioni, mkia unanenepa, mwili unarefuka. Halafu siku moja anaonekana anaburuta tumbo badala ya kusimama kwa miguu, vidole vinatetemeka, na taya la chini limelegea kiasi kwamba akimdaka mdudu anashindwa kumbana. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia alimlisha vizuri, na hasemi uongo.

Ugonjwa huo ni wa mifupa kukosa kalsiamu. Chakula cha mjusi huyu hakigeuki mfupa kwa kuliwa tu. Kinahitaji joto la kukisaga tumboni, madini juu ya mdudu anayeliwa, na vitamini D ya kuyapitisha madini hayo kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Kimoja kikikosekana, vingine viwili vinapita bure. Kwa sisi wa pwani ya kusini kuna jambo la nne, unyevu, ambalo halizungumzwi sana kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi wanaoishi kwenye nyumba kavu zenye hita. Ukiyafuata neno kwa neno ukiwa Shangani au Ligula hapa Mtwara mjini, mengine yatakufaa, na mengine yatampika mjusi wako.

Mgeni wa milima mikavu

Mjusi chui, kwa jina la kisayansi Eublepharis macularius, ni wa nchi kavu zenye mawe: Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Mwanazuoni Edward Blyth alimwandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1854. Yuko mbali kitabia na huyu mjusi wetu anayekimbizana na nondo kwenye taa ya barazani. Wa ukutani ana vidole vyenye nyayo za kunata na hana kope, hivyo husafisha macho kwa ulimi. Mjusi chui ana kope, anafumba macho akilala, na vidole vyake vina kucha ndogo tu, kwa hiyo hapandi kioo. Ndugu zake wa karibu wapo Afrika pia, mmoja wao kwenye nyika kavu za kaskazini mwa Tanzania, ila huku kusini hatunao.

Mtoto akitoka kwenye yai ana gramu kama 3 na mistari mipana ya njano na nyeusi. Madoa ya chui huja taratibu anapokua. Siku za mwanzo hali kitu, kwa sababu bado anatumia kiini cha yai alichobaki nacho tumboni; baada ya kujivua ngozi ya kwanza, na mara nyingi kuila, ndipo njaa inapoanza. Mpaka afikie mwaka mmoja hivi, akilelewa vizuri, anaweza kupita gramu 50. Yaani mwili wake umezidi zaidi ya mara kumi na tano, na mifupa yote ya kuubeba imejengwa ndani ya muda huo. Ndiyo maana makosa ya lishe ambayo mjusi mzima angeyavumilia mwaka mzima, mtoto yanamlemaza ndani ya miezi michache.

Joto: usiongeze kabla hujapima

Mjusi hana joto lake la ndani. Akiwa baridi, tumbo lake linasaga polepole au halisagi kabisa, na mdudu aliyemezwa anaweza kuoza tumboni. Anachohitaji ni sehemu mbili ndani ya nyumba moja: upande mmoja sakafu iwe na joto la nyuzi 31 hadi 33, upande mwingine 24 hadi 27, naye achague. Usiku pande zote zinaweza kushuka kidogo bila madhara.

Sasa pima chumba chako kabla hujanunua chochote. Mtwara mjini, Mikindani na Lindi, kuanzia Novemba hadi Machi, chumba chenye bati bila dari kinaweza kuwa na nyuzi 31 au zaidi mchana bila msaada wowote. Hapo shida yako ni upande wa baridi. Taa ya wati 100 inayoshauriwa kwingineko, ukiiwasha kwenye kisanduku cha kioo mwezi Januari, inafikisha nyuzi 40 upesi, na mjusi mchanga hana pa kukimbilia. Joto la kuanzia nyuzi 35 likidumu ni hatari tayari. Weka nyumba yake chini, karibu na sakafu ya saruji, mbali na dirisha la magharibi.

Mambo yanageuka kusi likivuma. Juni hadi Agosti usiku wa Mtwara unashuka hadi karibu nyuzi 20, na ukiwa Newala juu ya uwanda wa Makonde kunakuwa na baridi ya kuvaa sweta. Mjusi chui hutoka kuwinda magharibi jua likizama na kusaga chakula usiku, muda uleule ambao chumba kinapoa. Msimu huu ndio wa mkeka wa joto unaowekwa kwa chini, ukichukua theluthi moja ya sakafu ya nyumba yake, ukiwa umeunganishwa na kifaa cha kukata umeme joto likizidi. Bila kifaa hicho mkeka unaunguza tumbo. Kipimajoto kiwe chenye waya mrefu wenye ncha, ncha ilale sakafuni pale mjusi anapolala, kwa sababu kile kinachobandikwa kwenye kioo kinasoma joto la kioo.

Umeme ukikatika usiku wa Julai, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga na kuwekwa upande mmoja inatosha saa chache. Ukijua mapema kwamba umeme hautakuwepo, njia rahisi zaidi ni kutomlisha jioni hiyo. Mjusi mwenye afya hadhuriki kwa njaa ya usiku mmoja. Tumbo lililojaa kwenye baridi ndilo la kuogopa.

Unyevu

Huko kwao nje ni kukavu, lakini mchana analala ndani ya nyufa na mashimo yenye unyevunyevu. Kwa hiyo wafugaji wa nchi kavu wanapambana kuongeza unyevu. Sisi hewa yetu ya pwani imejaa maji hata kabla ya mvua, na kisanduku cha kioo kilichofungwa juu na matundu mawili kinageuka kuwa jasho tupu. Matokeo ni ukungu kwenye sakafu, mjusi anayepumua kwa mdomo wazi, mapovu puani. Mwambie fundi wa alumini akutengenezee sanduku lenye kioo mbele, na wavu mgumu wa chuma juu yote na ubavu mmoja. Wavu wa nailoni haufai, nyenje wanautoboa.

Ndani ya sanduku hilo kavu ndipo unaweka pango moja la unyevu: kikopo cha plastiki chenye mlango uliokatwa na kulainishwa kingo, ndani yake nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa vizuri, zikakamuliwa mpaka hazidondoshi. Makumbi tunayo bure, na ndiyo yaleyale wanayofungasha na kuuza kwa bei huko nje. Yabadilishe yakianza kunuka. Mjusi ataingia humo rangi yake ikififia kuwa nyeupe, dalili kwamba anajivua. Akimaliza, mwangalie vidole. Ngozi iliyobaki imezunguka kidole inakaza inapokauka, damu haifiki, na kidole kinakatika. Ngozi hiyo hailazimishwi kuvutwa: mweke dakika kumi kwenye kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kisha isugue taratibu kwa pamba.

Kalsiamu, na kwa nini panzi hatoshi

Mtu akiona panzi mwenye miguu migumu anadhani ndani yake kuna madini ya mifupa. Hamna. Wadudu hawana mifupa, na gamba lao gumu limetengenezwa kwa kitu kingine kabisa. Tofauti na gamba la kaa, halina chokaa ya maana. Kilichomo kwa wingi ndani ya mdudu ni fosforasi. Mwili wa mjusi unataka kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi, na nyenje anampa kinyume chake: fosforasi imezidi kalsiamu mara kadhaa. Mbaya zaidi, fosforasi iliyozidi inaizuia hata ile kalsiamu kidogo isifyonzwe. Kwa hiyo kumwongezea wadudu mjusi mwenye mifupa laini ni kumwongezea tatizo.

Kwa nini basi anaonekana mzima kwa muda mrefu? Kalsiamu ya kwenye damu ndiyo inayoendesha misuli na moyo, na mwili haukubali ishuke. Ikianza kupungua, tezi ndogo za shingoni zinatoa homoni inayoamuru mifupa iachie kalsiamu yake. Damu inabaki sawa, mjusi anawinda, anacheza, huku mifupa ikichotwa kila siku. Taya na miguu ndivyo vinavyoonyesha kwanza. Ukiona misuli inatetemeka, jua mifupa imeshindwa kulipa na sasa hata damu imepungukiwa. Mfupa uliopinda haunyooki tena hata akipona. Unaweza tu kuzuia usipinde zaidi.

Dawa yake ni ya bei ndogo: unga wa kalsiamu kabonati, mdudu anatikiswa ndani yake kabla ya kuliwa. Unga uliotengenezwa kwa ajili ya mijusi unapatikana kwa kuagiza, lakini hapa kwetu zipo njia nyingine, na zipo pia njia za kukupoteza.

Njia njema ya kwanza ni mfupa wa ngisi, wale ngisi wenye mfupa mweupe mpana mgongoni. Bahari inautupa ufukweni, na muuza samaki atakupa bila kukudai kitu. Uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, mpaka chumvi iishe, uanike juani ukauke kabisa, kisha kwangua upande laini kwa kisu. Unatoka unga mwepesi unaoshika vizuri kwenye mwili wa mdudu. Ya pili ni maganda ya mayai: ondoa ule utando wa ndani, chemsha, kausha, twanga kwenye kinu na uchekeche kwa kitambaa chepesi mpaka uwe kama poda. Chembe zenye ncha hazifai.

Njia za kukupoteza ni hizi. Ukienda duka la dawa za mifugo ukaomba unga wa mifupa, muuzaji kwa nia njema kabisa atakupa DCP inayowekwa kwenye chakula cha kuku. Kwa kuku ni sawa. Kwa mjusi huyu unaongeza fosforasi juu ya fosforasi, maana DCP inazo zote mbili. Ukiomba chokaa tu, hakikisha ni ya mawe iliyosagwa kwa chakula cha mifugo. Chokaa ya kupaka ukuta, na ile inayochomwa kwenye tanuri kwa mawe ya baharini, inaunguza mdomo na tumbo. Na unga wa dagaa, ambao kila mtu atakushauri, una kalsiamu ya miba pamoja na fosforasi ya nyama, juu yake chumvi. Hausawazishi kitu.

Tikisa wadudu kwenye kikombe chenye unga kidogo, mpe mjusi palepale. Nyenje akiachwa dakika chache anajisafisha na unga wote unabaki sakafuni. Kifuniko cha chupa ya soda chenye unga mtupu wa kalsiamu kinaweza kukaa ndani ya nyumba yake muda wote. Wapo mijusi wanaokilamba wenyewe.

Vitamini D: kwa unga au kwa jua

Kalsiamu ikishafika utumboni haipiti yenyewe. Inahitaji vitamini D, na hii mnyama anaipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwanga wa jua, ile sehemu yake isiyoonekana inayoitwa UVB, unaogusa ngozi na kubadilisha mafuta fulani yaliyomo. Joto la mwili linamalizia hatua hiyo, kisha ini na figo zinaigeuza kuwa umbo linalofanya kazi. Ya pili ni kuimeza ikiwa tayari, D3 iliyochanganywa kwenye unga.

Kwa miaka mingi wafugaji waliamini kwamba mjusi chui, kwa kuwa hutoka magharibi, hana haja na UVB. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hata muda mfupi wa mwanga huo kila siku unapandisha vitamini D kwenye damu yake. Haishangazi sana. Mnyama anayelala kwenye ufa wa jiwe akiacha mkia au mguu nje anapata jua bila kutoka.

Hapo mtu wa Mtwara anajisemea: sisi jua tunalo, tuko nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta, nitaweka nyumba yake dirishani. Kioo cha kawaida kinazuia karibu UVB yote. Kinachopita ni joto. Mjusi aliye nyuma ya kioo juani hapati vitamini yoyote, na sanduku la kioo lililowekwa nje saa nne asubuhi linaua ndani ya dakika chache. Ukitaka jua, tumia kisanduku cha wavu, asubuhi mapema au jioni jua likiwa limelegea, dakika chache tu, nusu ya kisanduku ikiwa kwenye kivuli na kuna pa kujificha, nawe ukiwa umekaa hapohapo. Kunguru na paka hawakopeshi. Wale mijusi wa rangi za kuzalishwa, hasa zeruzeru wenye macho mekundu, usiwaweke juani kabisa. Macho yao hayastahimili.

Mimi naona kwa mtoto anayekua ni salama zaidi kutegemea D3 ya unga na kuliacha jua liwe nyongeza. Mfupa wa ngisi na maganda ya mayai hayana D3 hata chembe, kwa hiyo hiki ni kitu kimoja ambacho itabidi ukiagize. Kikopo kimoja kidogo kinadumu miezi mingi, ila angalia tarehe, vitamini zinaharibika kwenye joto letu. Kikae mahali pa baridi na pakavu. Kama hapati jua wala taa ya UVB, unga wenye D3 mara mbili au tatu kwa wiki, siku nyingine kalsiamu tupu. Usiongeze kwa kuhofia. Vitamini D inatunzwa kwenye mafuta ya mwili, ikizidi inapandisha kalsiamu mpaka inaganda kwenye mishipa na figo, na hilo halina tiba nyepesi.

Vitamini A ni hadithi fupi zaidi. Wadudu wana kidogo sana. Upungufu unaonekana machoni: kope zinavimba, uchafu unaganda, anashindwa kuona windo. Unga wa vitamini mchanganyiko wenye vitamini A halisi, mara moja kwa wiki au wiki mbili, unatosha.

Wadudu wenyewe

Mtoto chini ya miezi minne alishwe kila siku, jioni. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Watano hadi saba wa kiasi hicho wanatosha kwa kawaida, na baada ya robo saa toa waliobaki. Nyenje aliyeachwa ndani usiku anamng'ata mjusi aliyelala. Akivuka miezi minne, ruka siku moja moja, na akikomaa mara mbili au tatu kwa wiki. Mboga, matunda na ugali hali. Nyama ya kusaga pia si chakula chake.

Wa kutegemea ni nyenje waliofugwa kwenye ndoo yenye trei za mayai, na mabuu ya unga, wale weupe-njano wa mende wadogo weusi wanaoingia kwenye pumba. Mabuu haya ni rahisi kuzalisha ndani ya beseni la pumba, ila yana mafuta mengi, na mjusi akiyazoea anagoma vingine. Kuna pia mabuu ya nzi mweusi ambayo wafugaji wa kuku na samaki wanazalisha kwenye mabaki ya chakula. Haya ni ya pekee kati ya wadudu wa kufugwa: yana kalsiamu nyingi kuliko fosforasi. Kama una jirani anayefuga, omba yaliyolelewa kwenye mabaki safi ya mboga na matunda, uyaoshe kabla ya kumpa mjusi.

Mdudu yeyote alishwe vizuri siku moja kabla ya yeye kuliwa, kwa sababu kilichomo tumboni mwake ndicho mjusi atakachokula. Pumba tupu ina fosforasi nyingi. Majani ya mlonge yana kalsiamu nyingi na kila mtaa huku una mti wake. Ongeza kipande cha boga au karoti kwa ajili ya maji, ili nyenje wasizame kwenye kisahani.

Wadudu wa kuokota ndio wenye mjadala. Panzi wa kwenye majani ya uani ambako hakuna aliyepuliza dawa wanafaa mara mojamoja, na kumbikumbi wa mvua za kwanza ni anasa ndogo, mafuta matupu. Lakini tuko kwenye nchi ya korosho. Kuanzia mikorosho inapochipua na kutoa maua, kati ya Juni na Septemba hivi, mashamba ya Mtwara na Lindi yanapulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na viuadudu dhidi ya mbu wa mikorosho, na upepo hauheshimu mipaka. Msimu huo usiokote panzi popote karibu na mikorosho. Mende wa jikoni nao waache. Huwezi kujua jirani kapuliza nini jana. Vimulimuli usimpe hata mmoja kwa mchezo: wapo wenye sumu ya moyo, na kimulimuli mmoja amewahi kutosha kuua mjusi mkubwa kuliko huyu.

Sakafu, mkia na majirani wadogo

Mchanga mweupe wa Msimbati unapendeza machoni na ni hatari tumboni. Mtoto anayemrukia mdudu anameza mchanga, na aliyepungukiwa kalsiamu anaula kwa makusudi akitafuta madini, mpaka utumbo unaziba. Gazeti, karatasi ya jikoni au kigae cha sakafuni chenye uso mkavu ndivyo vya kutumia mpaka akue. Na gazeti lina faida nyingine: kinyesi kinaonekana.

Mkia ni ghala lake la mafuta. Ukimkamata kwa nguvu au paka akimshtua, anaukata mwenyewe, na unaoota tena huwa mfupi, mviringo, bila mafundo ya ule wa awali. Kwa mtoto anayekua hiyo ni akiba yote imepotea kwa mara moja. Wiki mbili za kwanza usimshike kabisa. Baadaye mwache apande mkononi mwenyewe. Watoto wawili usiwaweke pamoja, mmoja atamnyima mwenzake chakula hata kama hawapigani mbele yako.

Sisimizi wanastahili kutajwa. Nyenje mmoja aliyekufa kwenye kona anawaita, nao hawatofautishi mzoga na mjusi wa gramu 5 aliyelala. Miguu ya meza ikae kwenye makopo yenye maji, kama bibi zetu walivyolinda kabati la chakula, na sanduku lisiguse ukuta.

Mjusi anaweza kubeba Salmonella, bakteria wanaoharisha watu, bila yeye kuugua. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa yeye au vyombo vyake, visahani vyake visioshwe kwenye karo la vyombo vya kula, na watoto wa chini ya miaka mitano watazame tu.

Kuhusu kumpata: kuingiza mnyama hai kutoka nje kunataka vibali, na muuzaji asiye na karatasi anakuuzia matatizo yake. Ulizia aliyezaliwa kwa mfugaji, usimchukue aliyekamatwa porini. Tanzania tunajua biashara hii inavyoweza kufagia. Yule mjusi mdogo wa rangi ya samawati wa msitu wa Kimboza, Morogoro, ambaye hapatikani popote duniani nje ya misitu michache ya huko, alikamatwa kwa ajili ya wafugaji wa nje mpaka mwaka 2017 akawekwa kwenye kundi la juu kabisa la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Mizani

Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi, akiwa ndani ya kikopo, uandike. Mtoto anapaswa kupanda. Akisimama wiki mbili angalia joto la sakafu kwanza, ndipo uangalie wadudu. Akishuka, na mkia ukakonda huku anakula, fikiria minyoo au vijidudu vya tumboni, na hilo halitibiwi kwa kubahatisha.

Daktari wa mifugo wa wilaya huenda hajawahi kutibu mjusi, lakini darubini yake inaona mayai ya minyoo ya mjusi kama inavyoona ya mbuzi. Mpelekee kinyesi kibichi cha asubuhi hiyo kwenye kikopo safi chenye kifuniko, pamoja na daftari la uzito, jina la kisayansi la mnyama, joto la pande zote mbili na orodha ya unga unaotumia. Dozi ya dawa ya mnyama wa gramu 12 inakokotolewa kwa uzito huo, na tone moja zaidi ya kipimo kwake ni kubwa. Ukiona taya limelainika au anatetemeka, usisubiri siku ya kliniki: mtoe kwenye sehemu za kupanda, mweke kwenye joto sahihi, acha kumlisha wadudu wagumu, na umpeleke siku hiyohiyo, kwa sababu kalsiamu ya kudungwa au ya maji ya kumnywesha anapaswa kuipanga mtu mwenye mizani na vitabu vya dozi.